Sekunde Arobaini

Kopo la kwanza ni zito, rangi ya asali ya Sikonge,
ile inayokaa chini ya debe na haitaki kumiminika.
La pili ni jepesi kama maji, na ukilinusa utajuta.
Milembe huyaweka rafu mbalimbali
kama ndugu wagomvi siku ya matanga.
"Yakishakutana," husema, "basi.
Hata moto utayaunguza tu, hautayaachanisha."

Isevya, saa nane mchana, mvua inapiga bati.
Adui yetu ni unyevu.
Tone moja, hata la jasho la pua,
na unyayo unaumuka kama andazi,
matundu matupu, hauwezi kubeba mtu.
Dirishani zimepangwa sita za namna hiyo,
vidole vyote vimeelekea stesheni
kana kwamba zimekata tiketi.

Wa saba ni wa Nkwabi Luhende,
aliyekuwa akiunganisha mabehewa
mpaka behewa moja lilipokataa kumngoja.
Kushoto, saizi nane.
Kisigino kibonyee, kidole gumba kisukume:
ndiyo maana tunachanganya.
Plastiki ya aina moja ama hulegea ama huvunjika.

Umeme unakatika.
Kalibu ya alumini inaanza kupoa.
"Lete jiko!" Naleta. Tunaubembeleza mkaa.
Anaigusa kalibu kwa nyuma ya mkono,
vile apimavyo homa ya mwanawe.
"Bado."
"Bado."
"Sasa."

Mimina, koroga, hesabu kwa sauti.
Kumi: ni maziwa.
Ishirini: kopo linapata joto kiganjani,
na moto haupo popote.
Thelathini: funga, kaza parafujo, kaza we!
Arobaini,
na hakuna tena cha kwanza wala cha pili.

Jumanne anakuja, mfuko wa rambo kwapani.
Haulizi bei. Anatoa kiatu cha kushoto,
cheusi, kimepigwa rangi, soli haijakanyaga kitu
kwa miaka tisa. Mwenzake, wa kulia,
umeliwa upande na kokoto za reli.
"Niliogopa kukitupa," anasema,
kisha anaona haya kwa kusema hivyo.

Anavaa kipya kushoto, kikuukuu kulia.
Anashika meza. Anaiachia.
Hatua. Hatua.
Milembe hamtazami usoni.
Ameinamisha kichwa,
anasikiliza kisigino.