Daraja la Tatu

Kata yenyewe inaitwa Daraja Mbili,
kwa hiyo hili nililosimama juu yake
ni la tatu, na halipo.

Nimeikunjua ramani ya ofisi, nimeigeuza mara mbili:
uzi wa buluu ndio mto,
weupe huku, weupe kule,
na kati ya weupe na weupe ni mimi,
mpima wa halmashauri, kizibao cha njano,
nimesimama hewani.

Chini yangu ni chesesi ya Isuzu
iliyobeba mahindi ya Kibaigwa mpaka ikakoma.
Vijana wa gereji waliilaza kifudifudi,
wakaifunga nondo, wakaitandika mbao
ambazo seremala wa majeneza alizikataa:
zimepinda, alisema, maiti hazilalii,
labda walio hai watazikanyaga.

Upana: sentimita sitini na moja.
Mtu mmoja na ndoo yake.
Wakikutana wawili katikati, mmoja hurudi nyuma,
na sheria, ananieleza Namnyaki bila kuacha kumenya ndizi,
ni kwamba anarudi asiyebeba.
Aliyebeba mtoto anampita aliyebeba maji.
Aliyebeba mgonjwa anawapita wote.
Nimefunga taa za barabarani nusu ya mji huu,
sijaona zenye akili hiyo.

Bomba la kushikia lipo upande mmoja tu,
kushoto ukielekea mjini. Fedha ziliishia hapo.
Kwa Ndewirwa kinyozi, kwenda si taabu:
kiharusi kilimwachia mkono wa kushoto.
Kurudi ndiyo kazi.
Jioni anavuka kinyumenyume, uso ukiwa bado mjini,
hatua, bomba, hatua, bomba,
na watoto wa ng'ambo wamejifunza kumpokea hivyo hivyo:
Shikamoo, mgongo!
Marahaba, anajibu mgongo.

Usicheke. Mvua hunyesha kule juu, Meru,
huku chini watu wameanika mashuka,
na mto unaingia bila hodi.
Kabla ya chesesi, shule ilikuwa dakika nne kwa macho
na saa nzima kwa miguu.

Fomu yangu inauliza: Mmiliki ni nani?
Wakaniletea daftari la mistari, kona zimeliwa na panya.
Majina arobaini na matatu.
Loserian, nondo mbili.
Mama Penina, chai, siku tatu.
Duka la Mrangi, misumari kilo moja (nusu ni deni).
Kalisti, kuchomelea.
Mpangaji wa chumba cha nyuma, jina hakutaja,
usiku mmoja, kushika taa.

Nikapiga simu ofisini.
Kama halimo kwenye ramani, wakasema,
ama lipimwe ama livunjwe, amua wewe,
ila mafuta ya kukurudisha huko mara ya pili hayapo.

Nikapima.
Ufunguo wa ramani una alama ya lami na ya changarawe,
ya reli, ya kanisa, ya msikiti, ya bomba la maji
(maji yenyewe sijui);
kwa kitu cha watu wenyewe hauna alama.
Nikachonga penseli. Nikachora vistari viwili vifupi, sambamba,
kukatiza uzi wa buluu,
na nilipoinua mkono nikaona nimeandika hesabu:
weupe wa huku, sawa na, weupe wa kule.

Nilikuwa nakunja tepu Namnyaki aliponisimamisha.
Umepita mara sita, nimehesabu.
Hapa anayepita anachanga.
Akafuta vidole kwenye khanga, akafungua ukurasa.

Hiyo ilikuwa Machi. Sasa migomba ya ukingoni imezaa,
ramani ipo mezani kwa mtu, chini ya ramani nyingine,
na Ndewirwa jioni anautazama mji hadi afike kwake.
Mstari wa arobaini na nne ni mwandiko wangu:
Mpima, bomba moja, futi kumi na nane.
Pembeni, kwa wino mwekundu, mwandiko si wangu:
bado.