Wasifu Wangu, kwa Ufupi

Ofisi imeniomba mistari minne
ya kubandika chini ya picha:
shahada, mwaka wa kuapishwa, fani.
Nitaiandika. Ila kwanza nina neno na karatasi hii.

Nilisoma mikataba kabla sijasoma sheria.
Baba alikuwa karani wa tali, Kilindini,
akirudi na kalamu sikioni
na deni la magunia mawili ya sukari
yaliyohesabiwa melini, yasihesabiwe ghalani.
Usiku aliniamsha, mie wa darasa la sita,
nimsomee kwa taa ya chemni
yale maandishi ya chungu mgongoni mwa hati ya shehena.
"Rudia hapo," akisema, "hapo penye *isipokuwa*."
Kwa neno lile moja
mshahara wake ulikatwa miezi mitatu.

Chuo nakiruka; vyeti viko ukutani.
Uanagenzi niliufanya kwa Bwana Taherali,
juu ya duka la vipuri, Barabara ya Digo,
ngazi zinanuka grisi.
"Jaji hasomi moyo, binti. Anasoma kiambatisho."
Faili langu la kwanza lilipotea masjala siku arubaini;
nililikuta limekunjwa, limezuia mlango usipigwe na upepo.

Kisha zikaja kesi.
Chai iliyolowa Shimanzi, mchele wenye fukusi,
kampuni ya bima ikiapa kuwa mvua ile
ilikuwa kudra ya Mungu.
Nikamuuliza shahidi wao:
"Na bati lisilo na misumari, nalo aliliacha Mungu?"
Hata karani wa mahakama alicheka.
Kicheko kile kilinilipia kodi mwaka mzima.

Mwaka jana nilimtetea mwenye ghala.
Kizimbani akapanda mzee wa tali,
kalamu sikioni.
Nikambana kwa *isipokuwa*, mara moja, mara ya pili,
ya tatu akaomba maji.
Nilishinda, na gharama juu.
Ukumbini akanipisha njia:
"Umesoma vizuri, wakili. Nani alikufunza?"
Nikajifanya natafuta simu mkobani.

Haya, mistari minne:
Swabra Mbwana Shee, wakili wa Mahakama Kuu.
Miaka kumi na tisa: mizigo, bima, maghala.
Mzaliwa wa Majengo, Mombasa.
Hajawahi kumwonea mtu, isipokuwa

Hapana. Futeni huo wa nne.
Picha itatosha.