Fundi wa Sakafu

Bwana Pazi Mwinjuma, kitanda cha saba,
nimekishusha kitanda, nimekaza breki,
nimezificha zile kandambili alizokuletea mwanao kutoka Tandika:
soli zimelika, zinateleza kama mlenda.
Kengele ya baiskeli nimeifunga hapa kwenye chuma,
upande wa kulia, kwa mkono unaokutii bado.
Usinionee haya.
Mkojo wa saa tisa usiku haumjui mheshimiwa.

Najua. Hutaniita.
Mtu aliyelaza tarazo nusu ya Kariakoo
atamwitaje binti wa miaka ishirini na sita
amshike kiuno kwenda msalani?

Mzee Ndimbo naye hakuita.
Sikusikia kilio. Nilisikia kishindo,
kama gunia la mkaa linaposhushwa,
kisha kimya,
kisha bakuli la bati likizunguka, likizunguka.
Nyonga.
Wiki kumi na moja za kujifunza kutembea
zikarudi sifuri.
Fomu iliuliza: sababu?
Nikaandika maji. Nikafuta. Nikaandika giza.
Sikuandika: muuguzi mmoja, wagonjwa ishirini na wawili.

Leo mchana, katikati ya mazoezi,
ulisimama ghafla, fimbo umeikita.
Nikadhani umechoka.
Ukaomba gololi.
Mjukuu wa kitanda cha pili alikuwa nayo mfukoni.
Tukaiweka chini. Ikasita kidogo kama inayetafuta anwani,
halafu ikabingirika
kushoto, kushoto zaidi,
hadi kizingiti cha bafu,
palepale alipoangukia Mzee Ndimbo.

“Aliyelaza hapa,” ukasema, mdomo umevutwa upande,
kila neno likipanda ngazi,
“alikuwa na haraka ya kulipwa.
Maji yote ya wodi hii
yanakuja kulala mlangoni.”

Miaka minne napita hapo na ndoo, na dawa, na machela,
nikiwaambia watu waangalie miguu yao.

Jioni Sikudhani wa usafi alileta zulia la mpira,
tukalibana kwa misumari wakati hakuna mkubwa anayeona.
Balbu ya bafuni nilinunua mwenyewe Mbagala.

Saa tisa na dakika kumi. Umeme umekatika.
Balbu yangu mpya, elfu mbili na mia tano, gizani.
Nahesabu pumzi za vitanda.
Nakisikiliza cha saba kikilia springi.

Kring.
Mara moja tu, kwa chini,
kama mtu anayejikohoza mlangoni kwa watu.

Nakuja, fundi. Kaa hapohapo.
Nakuja na tochi.