Siki, Wembe, Ijumaa

Huko juu, kilomita nne kutoka kwetu,
watu huvua viatu na kulipa kiingilio
wapate kukanyaga chokaa.
Ngome ya Pamba, ndilo jina lake.
Hupiga picha miguu yao wenyewe
ndani ya vidimbwi vya samawati,
wakishangaa: maji haya yamejenga kwa miaka elfu ngapi!

Huku chini yamejenga kwa kiangazi kimoja.

Nurettin alipokwenda Ujerumani kupandisha vigae
aliegesha basi lake dogo kando ya nyanya za mama.
Kinyunyizi, tak-tak-tak,
kililipigia saluti kila alfajiri
kwa mkono mmoja wa maji ya kisima,
kisha jua likaja, likayala maji,
likabakiza mifupa.

Leo Jumatano. Ijumaa baada ya sala
anakuja Bwana Tevfik wa Sarayköy na fedha mkononi,
na usukani, ukiutazama kupitia kioo cha mbele,
ni kama mkate ulioota ukungu.

Sabuni iliteleza tu, haikushika kitu.
Gazeti la maji lilichanika
likaacha matokeo ya mpira yamebandikwa kinyume mlangoni.
"Siki," akasema mama, macho kwenye pilipili zake.
"Si ya saladi. Ile ya zabibu iliyoharibika,
nyuma ya mlango, hata mbu anaikwepa."

Nikaipasha moto.
Nikalowesha fulana kuukuu za kaka,
nikalifunika basi paji lake la uso
kama mgonjwa wa homa.
Dakika kumi, kivulini;
juani siki hukauka, ukavuna doa juu ya doa.
Na chunga mpira wa pembeni. Chunga rangi.
Niliweka sikio: fss, fss,
chokaa inaongea kwa pumzi ndogo
kama mtu anayekiri kosa nusunusu.

Halafu wembe. Ulazwe, usisimamishwe,
na povu litangulie njia nzima.
Ikatoka maganda, ikatoka unga,
ikatoka na kelele za kutia ganzi meno.

Muammer mkata vioo alinifunza kucha:
ipitishe. Ikikwama, bado ni chokaa.
Ikiteleza, na doa lipo,
basi maji hayakukaa juu ya kioo, yamekila.
Kwa hayo alinipa unga wa waridi ndani ya karatasi.
"Zungusha kwa sufi," alisema,
"zungusha mpaka bega liombe radhi."

Bega liliomba radhi saa kumi jioni.

Kioo kikafunguka.
Nikaona usukani. Nikaona tasbihi ya Nurettin,
ganda la alizeti juu ya dashibodi,
na chini kulia, ufa,
urefu wa kidole, wembamba wa unywele wa mtoto.

Kumbe ufa ulikwisha zibwa!
Maji yaliuziba na ukuta yakajenga,
ukuta mweupe, bila fundi, bila ujira,
nami nimeubomoa kwa siku mbili
na siki ya bure.

Mama akaja, akainama, akatazama sana.
"Kinyunyizi bado kipo," akasema.
Tukacheka. Kisha hatukucheka.

Usiku nilimpigia kaka.
"Bei ileile," akasema.
Treni ikapita huko aliko.
"Ngoja. Punguza elfu mbili.
Lakini umwonyeshe wewe, kabla hajauona."

Ijumaa Bwana Tevfik alipiga teke magurudumu yote manne,
akanusa injini, akahesabu viti mara mbili.
Vioo hakuvitazama; vilikuwa safi mno kutazamwa.
Nikamshika mkono wa koti nikampeleka kulia:
"Hapa. Tazama hapa."

Akatoa kucha ya kidole gumba, akaipitisha polepole.
Ikakwama.

"Ah, binti," akasema, "hii ni chokaa tu.
Ipake siki."

Mama, kule kwenye nyanya, akaanza kukohoa.