Daraja la Pili

Mwanawe alinitumia picha kwa simu:
mama, mwaka sabini na nne, mbele ya ghala la ushirika Urambo,
shingo ndefu, kitambaa kimekazwa kichwani kama ngozi ya ngoma.
"Nichongee huyu," akaandika. "Nusu ya hela nimetuma."

Aliyeshuka kwenye bodaboda pale Ipuli asubuhi,
kuku kwapani, anabishana na dereva juu ya mia tano,
hakuwa huyo.
Bi Nyamizi Lugembe. Akaketi juu ya gogo la mninga,
lile lile nililotaka kumtoa ndani yake.

Kwanza akazikagua kazi zangu kwenye rafu.
Wazee kumi na wawili, mapacha wote:
mgongo upinde, fimbo, kidevu juu ya fimbo,
macho chini.
Hununuliwa stesheni, treni ikichelewa.
Miaka kumi na tisa nawachonga; mkono unakwenda wenyewe,
naweza kumaliza mzee huku nasinzia.

"Hawa," akauliza, "wanasubiri nini?"

Nikanoa patasi.

Siku tatu alikaa. Hakutulia hata moja.
Alichambua kisamvu, akamkemea kuku, akampigia simu mdeni wake,
akazihesabu noti za pindo la kanga,
akalamba kidole, akahesabu tena.
Nikamwomba ainamishe kichwa kidogo.
"Kwani nimedondosha nini?"

Basi picha nikaiacha, na fimbo nikaiacha.
Nikafuata vidole.
Miaka thelathini na mmoja vilipanga tumbaku kwa madaraja,
jani kwa jani, hata vimejikunja
kama vingali vimeshika jani ambalo halipo.
Gumba la kulia limebonyea upande mmoja.
Hapo tezo ilisita.
Hapo niliona kazi yangu na kazi ya miaka ni moja,
hatuongezi kitu, tunapunguza,
tunapunguza,
mpaka kilichobaki kikatae.

Shavu nikalichota kwa bobari.
Pengo nikaliacha wazi, lipitishe hewa.
Usiku wa pili mninga ukapasuka wenyewe, sikioni hadi begani,
maana kiangazi cha Tabora hakimwulizi fundi.
Asubuhi nikachanganya nta na unga wa mbao nizibe ufa.
Akanishika mkono.
"Uache. Huo ni wake."

Jumamosi nikamwekea mezani.
Hakuitazama. Alifumba macho,
akaipitisha mikononi kama walivyofanya ghalani
umeme ukikatika na lori linangoja:
akapapasa, akabonyeza, akanusa.
Paji la uso. Akaguna.
Ufa. Akaufuata kwa ukucha mpaka mwisho.
Vidole juu ya vidole, akakaa kimya kitambo,
hata kuku akanyamaza.
Kisha akafika shingoni.

"Daraja la pili," akasema.
"Shingo umeiiba kwenye picha."

Akamkwapua kuku wake, akatoka kutafuta bodaboda
ya bei anayoijua yeye.
Nami nikaivuta sanamu mlangoni, penye mwanga,
nikaanza kupekua sandukuni,
patasi ndogo, iko wapi ile patasi ndogo.