Zoezi la Alhamisi

Mpango ulikuwa na kurasa mia moja na arobaini,
Kiingereza kitupu, jalada la buluu,
umefungiwa kabatini, na ufunguo
alikuwa nao meneja, na meneja alikuwa Dar.
Siku aliyorudi niliuomba, nikausoma nimesimama,
koti mwilini, ukungu wa Mufindi umeegemea dirisha.
Ukurasa wa themanini na mbili ulisema: wakazi wataarifiwa.
Na nani, haukusema.

Nikateremka Lugodalima.

"Kamwene," nikasema. "Kamwene," wakaitika,
wakanisogezea benchi.
Nikawaeleza matangi matatu nyuma ya ukuta,
klorini ya kung'arishia karatasi,
rangi yake jani la mhindi likianza kukauka;
kwamba ni nzito kuliko hewa, haipandi,
hutambaa, hutafuta mahali pa chini kama maji.
Enelesia Kikoti, balozi wa nyumba kumi,
alikuwa akipukuchua mahindi. Hakuinua uso.
"Mahali pa chini," akasema, "ndiko viliko vinyungu vyetu."

Sikuwa nimeviona. Kwenye ramani ya injinia
bonde lilipakwa kijani, likaandikwa: wazi.
Wazi! Kiangazi kizima wanawake wamo humo,
wameinama juu ya matuta ya maharage,
watoto migongoni, redio ndogo juu ya kisiki.
Na Lugodalima likitokea lolote,
moto, mwizi, nyuki,
watu hukimbilia bondeni,
maana bondeni kuna maji.

Tukaichora upya nyuma ya kalenda ya ushirika,
ya mwaka uliokwisha.
Mkaa ulikuwa mkononi mwake, si mwangu.
"Hapa Luvanda, hasikii; apigwe begani.
Hapa mama Tumsifu, ana mapacha;
apewe mtu wa pacha wa pili.
Hapa Atilio, kapooza upande mmoja:
watu wanne na machela.
Mlango wake mwembamba. Upime kwanza."
Nikaandika. Hakuna kozi iliyowahi kunifundisha
upana wa mlango wa Atilio.

Tukafunga vipande vya viroba kwenye nguzo saba,
upepo ujiseme wenyewe.
King'ora cha kutoka kazini hulia mara moja;
hiki kitalia, kitanyamaza, kitalia, mara tatu.
Kitambaa kibichi puani. Usifuate njia,
ukate upepo ubavuni, upande,
upande mpaka kwenye misindano ya kanisa.

Alhamisi. Ukungu, mtu hamwoni ng'ombe wake.
Kikalia. Kikanyamaza. Kikalia.
Wengine walicheka. Mmoja alirudia sufuria.
Kijana fulani alipanda na godoro.
Darasa la tatu walikuja wakiimba,
hadi mwalimu alipong'amua
kwamba anayeimba hana kitambaa puani.
Dakika kumi na tisa. Nikahesabu chini ya misindano:
mia mbili na sita.
Daftari lilisema mia mbili na nane.

Tuliwakuta nyumbani. Machela imekwama kwenye kona ya ukumbi;
mlango tuliupima, kona hatukuipima.
Wale wanne wanalaumiana.
Mkewe amekaa sakafuni kando yake,
ana kitambaa kimoja tu, kinachuruzika,
anamfunga Atilio.

"Asilimia tisini na tisa!" meneja alifurahi,
tayari ameshika simu.
Enelesia akapangusa mikono kwenye kitenge.
"Hiyo moja iliyobaki," akauliza, "ina majina?"

Jumamosi alikuja fundi na nyundo.
Ukuta ukasogea shubiri mbili, vumbi likamfanya Atilio apige chafya,
akacheka kwa upande wake mzima.
Mpango mpya una kurasa nne. Umebandikwa zahanati,
kilabuni, na kwenye mlango wa mashine ya kusaga.
Ukurasa wa tatu mtu keshaufungia maandazi; nimebandika mwingine.

Usiku nikisikia kiroba kikipigapiga nguzo ya saba
najua, bila taa, unavuma kutoka kiwandani,
unashuka.
Natoka nje, nanusa.
Misindano. Moshi wa kuni.
Narudi kulala nusu.