Chai Ipoe Kwanza

Daktari ananiambia: simama dirishani,
zima hiyo taa ya simu, inadanganya.
Geuza shavu la kushoto. La kulia. Sasa pua.
Nami nimesimama chumbani, gesti ya Matamba,
kitenge begani, pumzi yangu inatia ukungu kiooni,
naupiga picha uso wangu
kama mtu apigaye picha gari lililogongwa,
awapelekee watu wa bima.

Picha haipandi.
Mtandao wa huku unapenda kilima cha nyuma ya kanisa.
Natoka na koti, napanda,
mbuzi wa watu wananitazama.

Miaka mitatu niliitwa mwongo.
Kwenye ngozi kama yangu wekundu haupigi kelele,
hulala chini kama moto wa pumba:
juu jivu limetulia, ndani kaa.
Muuza vipodozi wa Mwanjelwa alinipa tyubu,
"Hii inakata kila kitu."
Ikakata kweli. Wiki moja nikawa na shavu la mtoto,
wiki ya tatu ukarudi, umekuja na ndugu zake.
Wifi yangu Tumpe akanong'ona jikoni,
si chini vya kutosha:
"Kajichubua huyo. Mkorogo haujawahi kumwacha mtu."

Dokta Nkunde sijawahi kumshika mkono.
Sijui hata kimo chake.
Ni sauti, ni herufi, ni paka anayepita nyuma ya kiti chake.
Lakini ndiye wa kwanza kuniuliza, "Inawaka?"
Nikalia palepale, kituo cha mafuta cha Uyole.
Muuza parachichi akadhani nimefiwa,
akanipa moja, akakataa hela.

Ina jina, akasema. Rosasia.
Nikalitamka polepole; kama jina la dada wa sauti ya pili
katika kwaya ya Tukuyu,
mpole, asiyechelewa mazoezi.
Haiondoki, akasema. Mtaishi nyumba moja, mjifunze tu kupishana.
Dawa ya usiku, kiasi cha punje ya njegere.
Kofia pana. Skafu upepo ukija.
Na kila kinachokuwasha, kiandike.

Naandika. Daftari ni lilelile la kazi,
mimi mkaguzi wa mbegu za viazi:
*Isyonje, ekari mbili, mnyauko hakuna.
Upepo wa asubuhi, uso umewaka mpaka saa saba.*
*Kitulo, jua na baridi pamoja. Nilisahau kofia. Mjinga mimi.*
*Njombe, ulanzi, nusu kikombe, kwa adabu.
Adabu nimeilipia.*

Makete, mwezi wa sita, baridi inauma meno.
Mama Tweve ananivutia kigoda, pale pa heshima, ubavuni mwa moto,
chai inatoa moshi, tangawizi inanukia.
Nasema: mama, naomba nikae mlangoni.
Nasema: chai, naomba ipoe kwanza.
Kimya.
Kuni zinapasuka. Binti anaacha kumenya viazi.
Najua ninavyoonekana: mtu wa mjini,
anaogopa masizi, anaogopa vikombe vya watu.
Basi nasema yote. Tyubu, wifi, punje ya njegere.
Nasema *inawaka*.

Mama Tweve anafuta mikono kwenye kanga,
anaigusa pua yake, kisha mashavu, kama anayetafuta kitu alichoweka hapo zamani.
"Tangu mtoto wa nne," anasema.
"Mimi nilijua ni moshi."

Tumesimama dirishani sasa, yeye na mimi.
Usitabasamu, mama. Geuka kidogo.
Taa ya simu nimeizima.
Nyuma yetu vikombe viwili vinashika utando wa maziwa,
na mzee wa nyumba anaingia na jembe, anatutazama, anavitazama:
"Chai gani hii mnayoilinda isinywewe?"